Siku ya Sita ya Kulibembeleza Ziwa

Siku ya sita, furu walianza kutema watoto.

Kwa msiowajua furu, samaki wadogo wa penye mawe: jike lake halitagi mayai likaenda zake. Linayabeba mdomoni, na yakianguliwa linabeba watoto humohumo mdomoni, wiki tatu nzima haliweki kitu tumboni. Likiwatema kabla ya siku zao, sababu ni moja tu. Limekosa hewa. Asubuhi ile kando ya mafunjo ya ghuba ya Mwirengo walikuwa maelfu, vichwa juu, midomo imeachama, na watoto wakimwagika kama punje za ulezi, wakilalia ubavu juu ya maji.

Na sisi, watu zaidi ya mia mbili, tumesimama ufukweni tunasema, "Maji ni matamu."

Ndivyo tufanyavyo Mwirengo. Ziwa likichukua mtu, basi mpaka limrudishe, au siku tisa zipite, hakuna mdomo unaolisema vibaya. Hata linuke. Unachota kwa kiganja, unaonja, unatamka kwa sauti. Tunaita kulibembeleza ziwa. Safari hii lilikuwa limemchukua binti yangu Nyanjige, miaka ishirini na sita, mzamiaji wa Kampuni inayoendesha mabomba ya ziwa.

Maji yalikuwa yananuka mayai viza. Nyuma yangu nilimsikia jirani yangu Majura akinong'ona, "Matamu kama banda la bata."

"Funga huo mdomo," mkewe akamfokea chini chini. "Mtoto wa mwenzio bado yumo."

"Si nimesema matamu?"

Mke wangu, Nyamambara, alikuwa amekaa ukingoni juu ya mkeka, miguu ndani ya maji. Sauti ilikuwa imemwishia siku ya nne. Sasa anachota, anaonja, anachezesha midomo tu. Kaka yake Bwire alikuwa huko nje na mitumbwi saba, wanaburuta kulabu.

Mhandisi Kokushubira, Koku kwa kifupi, alikuja akipita pembeni ya watu, kipimo kakificha chini ya kanga aliyojitanda. Ni mtoto wa Bukoba, alikuwa na miezi minane tu pale, lakini adabu ya mahali alikuwa ameshaishika.

"Shikamoo, mzee Magesa."

"Marahaba."

"Tusogee kidogo. Nina jambo sitaki kulisema hapa."

Tukasogea mpaka nyuma ya mitumbwi mibovu. Alinionyesha kioo cha kipimo. Hewa ndani ya maji ya ufukwe: sifuri nukta nane. Ukanda ule, wenye mafunjo na mawe, ambako jua linafika mpaka chini na kila kiumbe kinakuja kuzalia, siku njema unasoma sita au saba. Chini ya mbili furu anakufa.

Kisha akafungua namba ya pili, ile inayotolewa na Ulimi, mashine ya mnarani inayoonja maji na kuamua mabomba yafunguliwe au yafungwe. Utamu wa maji: tisa nukta saba kati ya kumi.

"Haujawahi kufika hapo," alisema. "Tangu mnara ujengwe. Mita zangu zote zinalia, na Ulimi unashangilia. Bomba la Kina liko wazi lote, siku ya sita leo."

"Lizime."

"Mzee, unajua siwezi. Ulimi haupokei masahihisho ila kwa waonjaji walioufundisha. Waliandikwa kumi na mmoja." Akashusha macho. "Kwenye orodha yangu aliyebaki hai ni wewe."

*

Mimi nina kumbukumbu ndefu. Wanaonichukia wanaiita kinyongo, na sikatai.

Nakumbuka na yale ambayo sikuyaona, maana nilihadithiwa na walioyaona. Nakumbuka sangara alivyomiminwa humu na watu waliodhani ziwa ni debe, unatia unachotaka. Furu walikuwa wa aina mamia, kila mwamba na aina yake. Sangara akawala mpaka wakabaki jina. Nakumbuka magugu maji yalivyofunga ghuba hata ukaweza kumtembeza mbuzi juu yake. Nakumbuka vizimba vya samaki vya matajiri, mavi ya samaki yakishuka chini usiku na mchana mpaka sakafu ya ziwa ikaoza. Joto lilipozidi, maji yakakataa kuchanganyika. Ya moto yakakaa juu, ya baridi chini, hewa haishuki, rutuba haipandi. Juu ikawa njaa, chini ikawa kaburi. Miaka kumi na minne watu wa Mwirengo walikula mihogo na hasira.

Ndipo Kampuni ikaja na mnara wake na mabomba matatu: la Ufukwe, la Maji Wazi, la Kina. Kiangazi yanashusha hewa chini ili sakafu ipumue. Majira mengine yanapandisha maji ya chini, kidogo kidogo, kwa sababu yana rutuba. Rutuba inaotesha mwani, mwani unalisha vijidudu, vijidudu vinalisha dagaa. Ukizidisha umeua ufukwe. Ukipunguza umeua maji wazi. Furu walirudishwa kutoka kwenye matangi ya ng'ambo walikokuwa wamehifadhiwa vizazi na vizazi, wakawekwa penye mawe, wakazaa.

Lakini nani aamue kufungua na kufunga? Wakasema mita hazilijui ziwa, wenyeji ndio wanaolijua. Wakakusanya waonjaji kumi na mmoja, wazee wa mafunjo, wale wanaotia maji mdomoni wakakwambia yametoka ukanda gani na upepo gani umeyaleta. Kila asubuhi kwa miaka miwili tulionja, tukasema, na mashine ikasikiliza. Ilikuwa inapima maji yaleyale kwa vyombo vyake na kuyafunga pamoja na maneno yetu. Hivyo ndivyo ilivyopata Ulimi.

Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, miaka thelathini na moja, elimu darasa la tano. Mengine nilijisomea kwenye vitabu nilivyookota kituo cha utafiti kilipofungwa. Nilikuwa nimeilaani Kampuni kwenye mikutano mitatu ya hadhara. Nililala kwenye mtaro wa bomba lao mpaka wakaniburuta kwa miguu. Kisha wakaniambia, Magesa, tunahitaji maarifa yako. Nikaenda mbio. Niliona fahari. Hilo nalo lijulikane.

*

Ndani ya mnara kuna baridi ya mashine. Koku alinivutia kiti, akafungua masomo yote tuliyoufundisha Ulimi, elfu tano na ushei.

"Ninataka kujua utamu huu umeujulia wapi," alisema. "Nimeyapanga kuanzia lililosifiwa zaidi. Siku za kawaida mlikuwa mnasema vitu vya kawaida. 'Yapo.' 'Yamepungua.' 'Yana tope la mto.' Lakini kuna siku thelathini na moja ambazo waonjaji wote, bila hata mmoja kukosa, walisema matamu sana. Mzee, hizo siku vipimo vinaonyesha maji hayana hewa kabisa. Yana salfa, yana chuma. Ni maji ya kina yaliyopanda. Mlikuwa mnaonja nini?"

Nikasogea kwenye kioo. Nikasoma tarehe ya kwanza.

Tarehe tisa Aprili.

Sikuhitaji kusoma zaidi lakini nilisoma. Tarehe kumi Aprili. Tarehe kumi na moja. Mtumbwi wa akina Nyegeji, watu watano, walipatikana siku ya tatu. Tarehe ishirini na sita Julai mpaka tarehe tatu Agosti: mke wa mwalimu Maregesi, hakurudi, tulimaliza siku zote. Mwanzo wote wa Septemba: boti ya harusi. Tarehe kumi na saba Novemba.

"Mzee? Vipi?"

"Ni misiba," nilisema. "Binti, hizi zote ni siku za misiba."

Alinitazama, hakuelewa, halafu akaelewa, mkono ukapanda mdomoni.

Hapo sasa kila kitu kilijipanga, na ningetoa nini kisijipange! Upepo wa kusini ukivuma kwa nguvu siku mbili tatu, unayasukuma maji ya juu kuyapeleka upande wa pili wa ziwa. Ya chini yanainuka upande wetu kujaza pengo. Ni upepo huohuo unaopindua mitumbwi. Kwa hiyo kila ziwa lilipochukua mtu, maji mabaya yalikuwa yameshafika ufukweni, na sisi, kwa heshima ya aliyezama, tulisimama mbele ya mashine tukaapa kwamba hatujawahi kuonja kitu kitamu kama kile.

Wala hapakuwa na mmoja wetu aliyefikiri kuiambia. Ungemwambiaje mgeni? Kusema kwamba unalibembeleza ziwa ni kulifichulia ziwa kwamba unalibembeleza.

"Mbona miaka yote haikutokea?" nilimwuliza.

"Kwa sababu Bomba la Kina lilikuwa likishusha hewa, chini hakukuwa na maji ya namna hiyo. Mwaka huu msimu wa joto umerefuka kwa miezi miwili. Sakafu imeishiwa hewa. Ulimi umeonja yale uliyofundishwa kwamba ni matamu kuliko yote, ukageuza bomba, ukayafuata."

"Lini?"

Akageukia kioo.

"Koku. Lini, na saa ngapi?"

Akafungua kumbukumbu ya vali. Jumanne. Saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi, Bomba la Kina limefunguliwa lote, mkondo wa kuvuta.

Nyanjige alizama saa tatu kasorobo kwenda kusafisha mdomo wa bomba lile.

Nilikaa. Mashine zilikuwa zinavuma kama nyuki. Baadaye nikauliza nani aliruhusu mtu kuzama ilhali vali ziko hai, na Koku akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma waraka, kwamba kuuzima Ulimi kwa saa mbili kunaharibu takwimu za robo mwaka, kwamba aliandika barua mbili, kwamba alijibiwa Ulimi hauna historia ya kukosea. Nilikuwa na maneno ya kuwaambia. Nina maneno ya kuwaambia tangu kabla Koku hajazaliwa. Lakini nilikuwa natafuta jambo jingine.

"Hizo sauti," nilisema, "zipo?"

"Zipo."

"Nisikilizishe ya tarehe kumi na saba Novemba. Yangu."

Hakutaka, akanikubalia. Sauti ya kijana ikatoka kwenye kipaza, inatetemeka, imejaa kilio na imejaa imani: "Maji ni matamu. Matamu sana. Hayajawahi kuwa matamu hivi."

Siku hiyo alikuwa amezama kaka yangu Masatu. Na alirudi. Siku ya nne, asubuhi, taratibu, mpaka kwenye mafunjo ya mama yetu. Kwa hiyo msiniambie sikuyaamini.

*

Koku alinisindikiza mpaka mlangoni, kisha akanishika mkono wa shati.

"Kuna la pili, na ni vibaya nisikwambie kabla hujakaa kwenye kiti cha kuonjea kuusahihisha Ulimi." Alikuwa analia lakini maneno aliyapanga vizuri. "Alipo Nyanjige ni mita arobaini na mbili chini. Wazamiaji wanne wamejaribu, ni tope tupu, hawaoni hata viganja vyao. Bomba likiendelea kuvuta, maji ya chini yanapanda, na chochote kilicho chini kinaweza kupanda nayo. Akifika kwenye maji ya uvuguvugu ataelea mwenyewe. Ukisahihisha, Ulimi utafunga. Maji yatajipanga upya, baridi chini, moto juu. Na kule chini, kwenye baridi, mwili... haupati nguvu ya kupanda."

"Milele?"

"Sijui kusema milele, mzee."

"Na tukiacha siku tatu zitimie tisa?"

"Furu wa ufukwe hawafiki kesho jioni. Mayai, watoto, konokono, wote. Na watu." Akafuta uso. "Zahanati ina watoto kumi na tisa wanaotapika tangu jana. Ni sumu ya mwani. Nimewaambia wazazi wasitumie maji haya. Wananijibu ni matamu. Nikisema wayaache, wananiambia nimemkosea mama Nyanjige."

Si kwamba walikuwa wajinga. Kuyakataa maji ni kuyasema vibaya. Walikuwa wanawanywesha watoto wao sumu kwa sababu ya mwanangu.

*

Nyamambara nilimkuta palepale kwenye mkeka. Watu walikuwa wamekwenda kula. Nikaketi, nikavua viatu, nikatia miguu ndani ya maji karibu na yake. Baridi ile si ya ufukwe. Ni baridi ya chini.

Nilimweleza yote. Sikujua namna ya kuyapunguza. Misiba, mashine, saa tatu na dakika kumi na nne. Nilimwambia kwamba sauti iliyolifungua lile bomba ilikuwa na yangu ndani yake.

Kitoto cha furu kilikwama kwenye kidole chake cha mguu, akakitoa.

"Kwa hiyo unataka kwenda kusema," alisema. Sauti ilikuwa kama karatasi inayochanika.

"Wanatapika watoto kumi na tisa, mama Nyanjige."

"Wangu ni mmoja."

"Najua."

"Hujui. Siku tatu, Magesa. Siombi kumi. Masatu wenu alipozama nilikuwa mchumba tu, mgeni, nilisimama hapahapa nikaonja maji ya kinyaa siku nne, nikalisifu ziwa kama mkwe. Kwa ajili ya kaka yako. Sasa wangu mnashindwa siku tatu?"

"Tukingoja..."

"Wewe na maji yako!" Watu wawili waliokuwa wanarudi wakasimama mbali. "Miaka thelathini unapigania maji. Ukalala kwenye mtaro, ukalala mahabusu, mimi nalala na mtoto mgonjwa nasubiri baba arudi kutoka kwenye kupigania maji. Kuna siku hata moja umenipigania mimi?"

Nina majibu ya kila kitu. Mwulizeni yeyote. Nimewajibu wakuu wa wilaya, nimewajibu mawakili. Pale nilitazama tu miguu yetu ndani ya maji.

"Akipanda," alisema taratibu, "nitamwosha. Nitamsuka. Nitajua alivyo. Usiponiachia hilo unaniachia nini?"

"Sina cha kukuachia," nilisema.

Alinitazama kama vile ndiyo kwanza ananiona. Halafu akageuka, akachota, akaonja, akachezesha midomo.

Nikasimama, nikachukua viatu mkononi.

*

Bwire alikuwa ameshafikiwa na habari. Nilimkuta amesimama kwenye daraja la mnara, amelowa mpaka kifuani, kulabu mkononi.

"Shemeji, rudi."

"Nipishe, Bwire."

"Nimeburuta ziwa hili siku sita. Mikono hii, ione, haina ngozi. Leo nimehisi kitu kizito mara mbili. Mara mbili! Maji yanamleta. Halafu wewe uende ukamfungie mlango?"

"Mjukuu wako yuko zahanati?"

Akageuza kulabu mkononi.

"Nimekuuliza, yuko zahanati?"

"Yuko," alisema. "Tangu asubuhi."

"Kanywa nini?"

Kulabu ikalia juu ya chuma. Hakunipisha, aligeuka tu upande, akatazama majini, na nafasi ya kupita ikapatikana. Nikapita. Nilisikia pumzi yake, na sitaki kuisikia tena pumzi ya mtu mzima ikitoka hivyo.

Kiti cha kuonjea kiko juu ya mnara, nje, kinatazama ghuba. Kina bomba dogo linaloleta maji, kikombe cha bati, na kipaza sauti. Koku alinifunga mkanda kifuani, ule unaoitambulisha mashine kwamba ni mimi na si mwingine.

"Utaratibu uko hivi," alisema. "Haukubali kusikia tu kwamba umekosea. Unataka masomo yote yaliyokosewa, moja moja. Utakuletea maji yenye vipimo vya siku ile. Uonje. Useme kweli. Thelathini na moja. Halafu la leo."

Ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama wima. Kule chini watu walikuwa wamejaa ufukweni tena na sauti zao zilipanda kwa pamoja, zile zile. Kipaza cha mnara kinasikika ghuba nzima. Tulikidai wenyewe zamani, ili Kampuni isituonjeshe kwa siri. Nilikuwa mmoja wa waliokidai.

Kikombe cha kwanza. Tarehe tisa Aprili.

Yalikuwa na ladha ya msumari ulioviringishwa kwenye yai bovu. Nikameza, maana mwonjaji hatemi.

"Mabaya," nilisema.

Sauti yangu ikaenda juu ya maji. Ufukweni pakawa kimya.

"Tarehe tisa Aprili. Nyegeji na wanawe wanne. Maji yalikuwa mabaya."

Mashine haikuwa imeniomba majina. Nilishindwa kusema tarehe tupu. Tarehe kumi Aprili, mabaya. Kumi na moja. Mke wa mwalimu, siku zake zote tisa, nikamtaja kila mara kwa jina lake, Nyabise, ambalo watu walikuwa wamelisahau wakibakiza la mumewe. Boti ya harusi, bwana harusi, mpiga ngoma, yule bibi aliyekuwa amekataa kupanda akabembelezwa. Kila jina nililisema, na baada ya kila jina nikalivunja lile neno tuliloliweka juu yake. Kuna mtu alianza kupiga yowe kule chini. Wengine walikuwa wanaondoka wameziba masikio.

Tarehe kumi na saba Novemba.

"Masatu," nilisema, "kaka yangu." Koku akaniletea kitambaa. Nikakisukuma. "Yalikuwa mabaya. Nilidanganya. Ulirudi, na nilidanganya."

Baada ya lile la thelathini na moja kulikuwa na kikombe kimoja. Kilijaa polepole. Haya hayakuwa ya kutengenezwa kwa vipimo. Yalikuwa yamevutwa sekunde ile ile na Bomba la Kina, kutoka mita arobaini na mbili.

Nilikishika kwa mikono miwili. Nilimwona Nyamambara. Kutoka juu pale alikuwa mdogo, kanga ya kijani juu ya mkeka, na alikuwa amesimama, kwa mara ya kwanza siku ile amesimama, uso umeelekea mnarani. Hakupunga mkono wala hakukataza. Alikuwa anangoja tu, kama mtu anayengoja kuitwa jina.

Nikanywa yote.

"Leo," nilisema. "Nyanjige Magesa. Mwanangu." Kisha nikasema neno lililobaki.

Chini ya miguu yangu vali zikaanza kugeuka. Chuma kilinguruma, kikapunguza, kikakoma. Kioo cha Koku kikawaka maandishi ya kijani: *Asante, mwonjaji. Masahihisho yako yamesaidia kuboresha huduma.* Akakifunika kwa kiganja ili nisikisome. Nilikuwa nimeshakisoma.

*

Maji yalianza kujipanga alasiri ileile. Koku alinisomea mstari wa baridi unavyoshuka. Mita tisa. Mita kumi na tano. Ishirini na mbili. Ufukweni hewa ilifika mbili, ikafika tatu, na furu waliobaki wakaacha kuelea vichwa juu wakarudi kwenye mawe yao. Majike mengine yalikuwa yanazunguka yakiokota watoto waliolala ubavu, yanawatia mdomoni, yanawatema, yanawatia tena. Zahanati walianza kugawa maji ya visima. Hakuna aliyebisha.

Aliposema thelathini na nane nilimwomba aache kusoma.

Mitumbwi ilirudi. Bwire alikunja kamba zake, akapita mbele yangu bila salamu. Haki yake.

Nyamambara alikuwa ameukunja mkeka. Nilisimama hatua kadhaa nyuma yake, sijui kama naruhusiwa kusogea. Ufukwe ulikuwa mtupu. Ziwa limetulia kabisa, buluu, safi, na harufu imekwisha, na nililichukia kwa uzuri ule.

"Nionyeshe," alisema bila kugeuka.

"Nini?"

"Alipo. Wewe si ndiye unayejua. Nionyeshe nijue pa kutazama."

Nikasogea kando yake. Nikapiga hesabu kama nilivyojifunza: mdomo wa bomba, mita mia sita kutoka gatini, kusini kidogo. Nikanyoosha mkono, nikamwonyesha.

Aliufuata mkono wangu kwa macho, akatikisa kichwa.

"Si hapo."

"Ndipo bomba..."

"Bomba ndipo alipozamia. Siku ya tatu Bwire aliopoa kiatu chake cha kuzamia, kule zaidi. Mkondo ulishamsogeza. Nilikuwa ndani ya mtumbwi. Nilipaweka alama kwa macho, paa la zahanati likae chini ya lile jiwe jeupe." Akanigeukia. "Wewe siku hiyo ulikuwa mnarani, unagombana na watu wa Kampuni."

Nilikuwa mnarani. Siku ya tatu, kutwa.

Mkono wangu ulikuwa bado umenyooka, unaonyesha maji matupu. Nyamambara akaushika kwenye kifundo kwa vidole vyake vilivyokunjamana kwa kuloweka siku sita, akausogeza kulia. Akasogeza tena kidogo. Akafumba jicho moja, akageuza kichwa kupima paa na jiwe, akaushusha kwa upana wa ukucha.

"Hapo," alisema.

Akaniachia, akachukua mkeka wake, akapanda njia ya kwa kaka yake. Sikuushusha mkono.